Ng'ombe Hahifadhiwi Bila Shahidi

Shefu wetu aliogopa ng'ombe. Nalisema mapema kwa sababu mwenyewe alidhani ni siri, na kila aliyefanya kazi naye alilijua kabla hajajua choo cha ofisi kiko wapi. Tukiwa barabara ya Giheta, ng'ombe akichungulia tu kutoka migombani, Shefu anakumbuka simu yake kaiacha garini. Anarudi, anafunga mlango, anapandisha kioo, halafu anaongea kwa sauti na simu ambayo haikuita. Ukimwuliza, anajibu, "Mi niko mutu wa mujini. Mi na ng'ombe tunaheshimiana, kila mutu kwake."

Na huyu ndiye aliyeandika programu ya ng'ombe ya mradi mzima, kuanzia Gitega mpaka Muyinga. Mungu naye ana utani wake.

Sitawaambia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo ya ukoo yana wenyewe, na pale Nyamugari alikokaa mtaa mzima utawasimulia kwa kikombe kimoja cha chai. Mimi namjua kuanzia mlango wa ofisi, pale juu ya duka la vitenge mjini Gitega, siku nilipoingia na cheti changu na Kiswahili changu cha Kigoma, akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Alors, wametuletea Mtanzania." Mimi ni mzaliwa wa kambi ya wakimbizi huko Kigoma, wazazi wangu wakarudi nami Muyinga nikiwa binti mkubwa. Nilimweleza. Akaniita Mtanzania hadi leo.

Ninachotaka kueleza ni tabia zake, na jinsi mtu huyu aliyeogopa ng'ombe alivyokaribia kumkosesha mjane mmoja wa Gashoho, kule Muyinga, ng'ombe wake. Mjane huyo ni Mama Riziki. Alikuwa amemngoja ng'ombe huyo kwa miaka, na kiraro alikwisha kukijenga.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kupokezana. Familia inapewa ng'ombe jike. Ndama jike wa kwanza atakayezaliwa si wake, anakwenda kwa jirani anayefuata katika zamu ya kilima kile, maana kwetu kijiji ni kilima, na jirani naye, ndama huyo akikua na kuzaa jike, anampitisha mbele. Anayeshika zamu ya mwisho ndama ni wake, mwendo umekwisha. Kwetu ng'ombe si maziwa tu. Ng'ombe ni mbolea, na shamba lisilo na mbolea siku hizi halikupi hata maharage ya kumlisha mgeni.

Sasa kompyuta hutunza habari zake kwenye majedwali, na majedwali yana lugha yake kavu. Sisi hatukuiandika lugha hiyo. Tulitumia chombo kinachokaa katikati, ambacho Shefu alikiita mkalimani. Unamweleza mkalimani kwamba ng'ombe ni kitu chenye jina, rangi, na mtu anayemtunza. Maelezo hayo ndiyo tuliyaita modeli. Kisha unamwambia "hifadhi", naye anakwenda kuandika kwenye majedwali kwa lugha yao. Mkalimani ana namna yake mwenyewe ya kuhifadhi, ya haraka haraka, haulizi kitu. Lakini anakuruhusu uandike hifadhi yako juu ya ile yake: fanya hili kabla ya kuandika, fanya lile baada. Wengine hupita hapo bila kugusa. Shefu alipanga hapo vyombo vyake vyote.

"Hii ni mulango," alikuwa akituambia, akigonga kioo cha kompyuta kwa kucha. "Mulango ya nyumba yako. Mutu anaingia kwako bila hodi? Bila kuvua viatu? Bon. Na ng'ombe haiingie bila hodi."

Kwa hiyo ng'ombe wa Shefu alipigishwa hodi kwelikweli. Kabla hajahifadhiwa, mlango uliuliza ana jina. Ng'ombe asiye na jina alirudishwa, maana, kwa maneno yake, hakuna Mrundi aliyewahi kufuga "ng'ombe nambari nane". Uliuliza rangi, na rangi ya ng'ombe kwa Kirundi si nyeupe na nyeusi tu, ina maneno yake ambayo Shefu mwenyewe hakuyajua. Aliwauliza wazee kwa simu, yeye akiwa salama ofisini. Uliuliza shahidi. Mwisho ukatokea ujumbe mdogo kwenye simu ya mhudumu wa mradi kule kilimani, ndiye aliyejaza majibu: "Mmekunywa?"

Hapo wageni waliofadhili mradi walikuna vichwa. Shefu aliwaeleza kwa Kifaransa chake cha kupiga pasi kwamba kwetu mtu hampi mwenzake ng'ombe mkavu mkavu, mkono kwa mkono kama chenji ya sokoni. Mtoaji na mpokeaji wanakunywa pamoja, na mtu wa tatu anawaona. Bila hivyo ng'ombe amehama kiraro tu, hajatolewa. Wakamwuliza, na kama watu hawa ni Waislamu, au walokole? Shefu, ambaye hakukosa Ijumaa hata moja, akajibu kwamba programu haikuuliza wamekunywa nini.

Baada ya yote hayo, na ng'ombe akiwa amekwisha kuandikwa, mlango ulifanya kazi yake ya mwisho: kama aliyezaliwa ni ndama jike wa kwanza, ulitafuta jirani mwenye zamu, ukaliandika jina lake pale pale, ukampelekea mhudumu ujumbe. Hakuna aliyechagua, hakuna aliyependelea. Shefu alijivunia kipande hicho kuliko watoto wake, na mkewe, Mama Hawa, alilisema hilo mbele yetu siku ya Idi, akitupakulia pilau. "Watoto anawachanganya majina," alisema, "lakini ule mlango wake anaujua mstari kwa mstari." Shefu akacheka, akamwita bintiye Hawa, na aliyeitika alikuwa binti mwingine, Mariamu.

Nyumbani alikuwa yule yule. Kikombe kilichotoka kuoshwa alikisuuza tena. Ujumbe wa simu aliusoma kwa sauti kabla ya kuutuma, hata ukiwa wa neno moja. Tulikaa kumsikiliza akinong'ona "Sawa", akitafakari, halafu ndipo anabonyeza. Kufunga ofisi ilikuwa safari nzima: anafunga, anashuka ngazi, anapanda kuhakikisha, anashuka, na muuza vitenge wa chini anampigia kelele, "Shefu, imefungwa! Mi ndiye shahidi!"

Ungedhani basi mtu wa namna hii vitu vyake mwenyewe viko salama. Wapi! Miavuli aliipoteza hadi wauzaji wa sokoni wakawa wanamtabasamia mvua ikianza. Picha zote za harusi ya binti yake wa kwanza zilikuwa kwenye simu moja, na simu ikatumbukia kwenye sufuria ya mchuzi. Tulipomwuliza kwa nini hakuzihifadhi pengine, alitutazama kwa uchungu. "Mi napikia watu," alisema. "Mwenyewe nashinda njaa."

Kituko kingine kilikuwa cha maziwa. Hakunywa. Chai yake ilikuwa ya rangi yenye tangawizi, na ukikosea ukamtilia tone la maziwa, anakisogeza kikombe kwa kidole kimoja. "Iko na harufu ya mwenyewe," anasema. Sisi tukacheka: mradi mzima wa maziwa na mkuu wake hawezi kukaa karibu na kikombe.

Kufundisha alijua, lakini hakuwa na huruma. Mwenzangu Dezire alipewa aandike mlango wa majani ya malisho. Akauandika vizuri, maswali yote yamo, lakini akasahau kitu kimoja: ukimaliza mambo yako yote, lazima uite ile hifadhi ya asili ya mkalimani, ambayo kwenye kazi yetu huitwa ya mzazi, ndiyo inayoandika kweli. Usipoiita, hakuna kinachoandikwa. Wahudumu wakajaza mwezi mzima, simu zikiwaambia asante, na majedwali matupu. Shefu hakufoka. Alivuta kiti karibu na Dezire, akakaa.

"Mugeni amefika kwako," alianza.

"Ndio, Shefu."

"Umemupokea. Umemuuliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya mbuzi."

"Ndio, Shefu."

"Umemwambia asante. Halafu umefunga mulango, yeye akiwa inje."

Dezire akainamisha kichwa. Tangu hapo usemi ukawa wa ofisi nzima: fanya yako yote, lakini mwisho mwite mzazi. Dezire alipooa, Shefu aliisimamia harusi na kuusema usemi huo mbele ya wakwe, na wakwe wakapiga makofi wakidhani ni nasaha ya ndoa.

Lakini kilichotuchekesha kuliko vyote kilikuwa shahidi. Wahudumu wa vilimani walichoka kutafuta mtu wa tatu kwenye mvua, basi wakaanza kuandika shahidi: Mungu. Ng'ombe wa Giheta, shahidi Mungu. Ng'ombe wa Gashoho, Imana, yaani Mungu yule yule kwa Kirundi. Mlango ulikubali, maana Mungu ni jina, na herufi zake zimetimia. Shefu alipogundua alishika kichwa. Aliandika mstari wa kumkataa Mungu, akaniita niusome, akanyanyua macho juu akasema, "Ya Rabbi unisamehe, ni mambo ya kazi tu." Wahudumu wakahamia kwa Malaika Gabrieli. Akamkataa naye. Wiki iliyofuata ng'ombe wote wa Muyinga walikuwa na shahidi mmoja, na shahidi huyo alikuwa Shefu mwenyewe, jina lake kamili, mtu ambaye hajasogea hatua kumi karibu na ng'ombe. Hapo hakukimbilia kufuta. Alizunguka na habari hiyo akiringa mpaka kwa muuza vitenge.

Mwishowe akaamua kwamba shahidi lazima awe mtu wa kilima kile kile, mwenye simu inayopokea. Ng'ombe akihifadhiwa, shahidi anapigiwa. Hapo wakanyooka.

Sasa nifike Gashoho.

Msimu mmoja wa mvua mtandao wa Muyinga ulilala. Vizazi vya ng'ombe vikarundikana kwenye simu za wahudumu, na mtandao uliporudi vikatufikia vyote kwa mpigo, Ijumaa, saa ambayo Shefu alikuwa amekwisha kuvaa kanzu. Mpwa wake alikuwa anaoa, yeye ndiye mzee wa upande wa bwana harusi, na gari lilikuwa chini linapiga honi. Kupitisha ndama wote mlangoni mmoja mmoja kungemchukua alasiri nzima.

Mkalimani ana njia nyingine, ya kuingiza vitu kwa wingi. Unavikusanya vyote, unavisukuma pamoja kwenye majedwali, mara moja. Ni haraka ajabu. Ila vikienda hivyo havipiti kwenye mlango uliouandika. Hakuna hodi, hakuna swali, hakuna kinachofuata. Shefu ndiye aliyetufundisha hivyo, tena kwa vitisho: anayetumia mlango wa nyuma wa mkalimani ni mwizi nyumbani kwake mwenyewe. Siku hiyo nilimwona akisimama mbele ya kompyuta, kofia mkononi, honi ikilia.

"Nitarudi Jumatatu niwapitishe vizuri," alisema, sijui akimwambia nani. Akabonyeza, akashuka ngazi. Hata kufunga ofisi alitufungisha sisi.

Harusi ilifana. Kulikuwa na mchele, kulikuwa na taarabu ya kukodi kutoka Bujumbura, na Jumatatu Shefu alikuja na sauti imekauka na kumbukumbu imekauka pia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja simu ya ofisi ikalia, nikaipokea mimi.

"Shikamoo, mwanangu," alisema mama wa upande wa pili, akacheka. "Aa, nimekuamkia mtoto. Unisamehe, ni hofu. Mimi naitwa Mama Riziki, niko Gashoho."

Kiswahili chake kilikuwa cha kule kule nilikokulia, nikajisikia nyumbani. Alieleza taratibu. Mumewe alifariki baada ya kurudi kutoka Tanzania. Shamba walilorudishiwa lilikuwa limechoka, mihogo inatoka myembamba, na analea wajukuu. Zamu yake ya ng'ombe ilikuwa imefika. Aliyemtangulia ni mzee Silvestri wa bondeni, na ng'ombe wa mzee alikwisha kuzaa ndama jike. Mama Riziki alikuwa amejenga kiraro na kupanda majani. Lakini mhudumu kaonyesha simu: ndama wa mzee hana anayefuata. Mwendo umekwisha. Ndama ni wa mzee.

"Sasa nasikia mzee anampeleka kwa wakwe, awe mahari ya mwanawe," alisema. "Labda nilielewa vibaya. Labda sikuwamo. Nauliza tu, mwanangu, nijue nibomoe kiraro, mbao nizipikie."

Nikamfungua ndama kwenye kompyuta. Anayefuata: tupu. Nikateremsha macho. Shahidi: tupu. Nikasema kwa sauti, "Huyu ndama hana shahidi," na ofisi nzima ikanigeukia, maana kitu hicho hakiwezekani. Dezire alikuja kuangalia. Shefu akaja mwisho, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akaitazama tarehe. Nikamwona anaikumbuka kanzu yake.

"Mwambie asibomoe," alisema.

Tulikwenda Muyinga, mimi na yeye. Njia nzima hakutania hata kidogo, na mimi nilizoea kutaniwa, ikaniuma. Mimi nilidhani tutarekebisha kwenye kompyuta, tumpigie mhudumu, basi. Shefu alisema hapana. Akasema mzee Silvestri ameambiwa na programu yake kwamba ndama ni wake, naye ameahidi watu. Huwezi kumnyang'anya mtu kwa ujumbe wa simu.

Tulimkuta mzee Silvestri ameketi nje ya kiraro, na ndama ndani, mwekundu, macho makubwa. Shefu aliingia kwenye ua ule. Nilimtazama miguu. Alikwenda pembeni pembeni, mgongo ukutani, lakini alikwenda. Akasalimu kwa Kirundi, akapewa kigoda, na kigoda kilikuwa mkono mmoja tu kutoka kwenye pua ya ndama.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Mashini ilisema ni yangu. Leo we unasema si yangu. Nani anajua, mashini ao we?"

"Ndama yako iliingia mu mashini bila shahidi," Shefu alijibu. "Mi ndiye niliandika kwamba hiyo haiwezekane. Hata Mungu nilimukataza. Basi aliyeweza kufanya hivyo iko mutu moja tu, na huyo mutu ni mi. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa naenda mu harusi."

Ndama akapumua, Shefu akaruka kidogo kwenye kigoda, na mzee akamwona. Akamwangalia vizuri. Kicheko kikamwanza tumboni, kikapanda, akajipiga paja.

"Yoo! Uyu mugabo, mwanaume muzima, anaogopa ng'ombe!"

Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba ya Shefu. Lakini yeye alikubali kwa kichwa, akasema ni kweli, anaogopa sana, tangu zamani.

Mzee alipomaliza kujifuta machozi alitoa masharti yake. La kwanza, Shefu mwenyewe aende kwa wakwe akaombe muda mpaka ndama wa pili, aeleze kosa ni la nani, mzee asionekane mwongo. La pili, ndama ataondoka leo, lakini hapelekwi na mhudumu wala na mtoto wa mzee. Atakayeshika kamba ni yule aliyemwingiza kwenye mashine bila shahidi.

Jamani, ile safari. Kutoka bondeni kwa mzee mpaka kwa Mama Riziki ni mpando wa kawaida, mtoto anakwenda akiimba. Shefu alishika kamba kwenye ncha yake ya mwisho kabisa, mkono ameunyoosha, uso ameugeuzia pengine, bismillahi haimwishi mdomoni. Ndama akisimama, Shefu anasimama. Ndama akitaka majani, Shefu anamngoja ale, hathubutu kumvuta. Watu walitoka mashambani. Wanawake waliacha majembe wakatufuata, na hakuna aliyeuliza ni nini, walitaka tu kuona mwisho wake. Jasho lilimtiririka mpaka kola ya shati. Mimi nilicheka, sitaficha, nilicheka hadi nikashika mti. Halafu nikaona mikono yake inavyotetemeka na bado hajaiacha kamba, nikanyamaza. Nilimpenda sana Shefu wakati ule.

Mama Riziki alikuwa amesimama mlangoni pa kiraro chake. Hakupiga vigelegele. Aliishika kamba, akaweka kiganja kwenye paji la ndama, akakaa hivyo muda mrefu. Wajukuu walikuwa wamejificha nyuma ya kanga yake.

"Baba, umechoka," alimwambia Shefu. "Kaa."

Alitoa mutobe, maji ya ndizi mbivu yasiyochachuka, ambayo mlokole na Mwislamu wote wanakunywa. Mzee Silvestri, aliyetufuata akijidai anapita tu, akanywa naye kwenye kibuyu kimoja. Tukamhifadhi ndama mlangoni, swali kwa swali. Jina? Mama Riziki akasema, "Subira." Shahidi? Kilima kizima kilinyoosha mkono.

Kwa wakwe Shefu alikwenda pia, akakaa chini kwenye mkeka, akajilaumu kwa Kirundi cha heshima mpaka wakamhurumia. Ofisini aliporudi kazi ya kwanza ilikuwa kuufunga mlango wa nyuma: ukijaribu kuingiza ng'ombe kwa wingi, programu inakataa. Juu ya mistari hiyo aliandika maneno ambayo kompyuta haiyasomi, ya kusomwa na watu tu: "Imefungwa kwa ajili ya Mama Riziki wa Gashoho. Usifungue, hata kama una harusi."

Miaka imepita tangu hapo. Shefu alistaafu, macho yakamchoka, akahamia shamba dogo la upande wa mkewe kule Giheta. Mimi nilirudi Muyinga kusimamia kazi ya kwetu. Hatukuonana kwa muda, zaidi ya salamu za simu ambazo najua alizisoma kwa sauti kabla ya kuzituma.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Mama Riziki alinijia ofisini. Subira alizaa jike, akampitisha kwa jirani kama ilivyo zamu. Akazaa jike la pili, na la pili ni lake, analifanyia atakalo. "Nataka kumpa yule baba aliyetetemeka," alisema.

Nilimkumbusha kwamba anaogopa ng'ombe.

"Najua. Ng'ombe wa kupewa hakataliwi."

Tukakodi pikapu, mtamba nyuma, sisi mbele. Mama Riziki alipakata chombo cha mti chenye mfuniko wa ususi, icansi, amekizungushia kanga, na kila kwenye shimo la barabara alikikumbatia.

Shefu alikuwa kwenye kiti uani, amekonda, kofia ile ile. Aliisikia sauti yangu kabla hajaniona. "Mtanzania!" Halafu mtamba akalia ndani ya pikapu, nikamwona anashika mikono ya kiti.

Mama Riziki alipiga goti akamweleza. Mama Hawa alikuwa mlangoni, mkono mdomoni, na sijui alikuwa anazuia kilio au kicheko.

"Mama," Shefu alisema mwisho, "mi nilikunyima ng'ombe."

"Na ukamleta kwa mkono wako," alijibu Mama Riziki. "Mume wangu angekuwa hai, ndiye angekupa. Hayupo, nakupa mimi."

Nikafungua programu kwenye simu, ili haya yafanyike kwa utaratibu. Mtoaji, Mama Riziki. Mpokeaji, Shefu. Jina la ng'ombe?

"Harusi," alisema Mama Riziki bila kutabasamu, na Mama Hawa akaangua kicheko, akaegemea fremu ya mlango. Shefu alicheka mpaka akakohoa. Shahidi alikuwa Mama Hawa, mtu wa kilima kile na simu inapokea. Ujumbe ukatokea, ule ule wa zamani: "Mmekunywa?" Kidole changu kikaenda kwenye Ndiyo kwa mazoea, kama vidole vya wahudumu wote vinavyokwenda. Mkono wa Shefu ukanishika kifundo.

"Bado hatujakunywa."

Mama Riziki akafungua kanga, akaondoa mfuniko. Maziwa. Ya Subira, aliyakamua alfajiri ile. Nilitazama uso wa Shefu, nikamwonea huruma, nikanong'ona, "Shefu, nikuletee chai ya rangi?" Alinitikisia kichwa. Akakipokea chombo kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa. Akanywa tena, taratibu, koo linapanda na kushuka. Akampa Mama Riziki, naye akanywa. Maziwa yalikuwa yamembakia Shefu kwenye sharubu, na machozi yalikuwa yanayafuata, wala hakuyafuta.

"Iko na harufu," alisema.

Kisha akaniachia mkono. "Haya, binti. Sasa hifadhi."